Filta ya oili kwa Corolla 110 iliyotembea kilometa 318,000: ninunue ipi?

#1 Mwalimu wa Ifakara

Wakuu, salaam.

Ninamiliki Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A, ambayo niliinunua ikiwa tayari imetembea sana, na leo odometa inasoma kilometa 318,000. Hainywi oili kwa kiasi cha kutisha, kwani kati ya sevisi moja na nyingine ninaongeza karibu nusu lita tu. Kinachonisumbua ni kwamba kila asubuhi ninapoiwasha, taa ya oili kwenye dashibodi huchelewa kuzimika kwa sekunde tatu hadi nne, na katika muda huo injini hugonga kama mtu anayebisha mlango kwa kucha. Nikiizima mchana na kuiwasha tena baada ya nusu saa, taa huzimika papo hapo.

Fundi wangu anasema chanzo ni filta za shilingi 7,000 ninazonunua. Muuza spea ananishauri nichukue filta ndefu kuliko ya kawaida, kwa madai kwamba gari la zamani linahitaji kopo kubwa. Jirani yangu, ambaye ni dereva mstaafu, anashikilia kwamba injini iliyochoka haifai kuwekewa filta inayochuja sana kwa sababu itanyimwa oili. Watu watatu wamenipa majibu matatu, na mfuko ni mmoja. Naomba msaada wa wenye uzoefu.

#2 Gereji ya Uani

Fundi wako yuko karibu na ukweli. Ndani ya filta, nyuma ya vile vitundu vidogo vinavyozunguka tundu kubwa la katikati, kuna kisahani cha mpira kinachofanya kazi ya vali. Oili huingia kwa vitundu vya pembeni, hupita kwenye karatasi kutoka nje kwenda ndani, kisha hutokea kwa tundu la katikati kuelekea kwenye beringi (vyuma laini vinavyobeba mhimili wa injini). Ukizima gari, kisahani hicho hufunga ili oili iliyomo isirudi kwenye sampo (trei ya oili chini ya injini). Kikikakamaa, filta hujimwaga usiku kucha, na asubuhi pampu hulazimika kulijaza kopo kwanza kabla ya kupeleka kitu kwenye krenki, yaani mhimili mkuu wa injini. Sekunde zako tatu zinapotelea hapo.

Mpira wa bei nafuu ni ule mweusi wa kawaida, ambao joto huufanya mgumu kabla sevisi haijafika. Filta nzuri nyingi hutumia silikoni, ambayo mara nyingi ni ya rangi ya chungwa au nyekundu, na hiyo hubaki laini kwa muda mrefu zaidi. Unaweza kujipimia bila kulipa mtu: gari lilale usiku mzima, kisha asubuhi ulifungue filta kabla ya kuwasha. Ukikuta imejaa, vali ni nzima. Ukikuta imebaki nusu, umeshapata jibu.

#3 Kipimo Kwanza

Namheshimu fundi wa #2, lakini kipimo chake kina sharti ambalo hakulitaja. Filta iliyofungwa ikiwa imesimama wima, mdomo ukiangalia juu, itabaki imejaa hata kama vali imekufa, kwa sababu oili haipandi mlima. Kipimo hicho kina maana pale tu filta inapokuwa imelala au imeinamisha mdomo. Mtoa mada aangalie kwanza yake imekaaje.

Pili, kabla ya kulaumu kopo la shilingi 7,000, pima presha. Fungua swichi ya oili, funga geji mahali pake, na subiri injini ipate moto. Kwa injini za familia hii, Toyota inataka angalau kilopaskali 29 ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta), na kati ya 245 na 490 kwa mizunguko 3,000. Ikiwa unapata namba hizo, injini yako ni nzima kuliko unavyodhani na tunaweza kuendelea kuzungumzia filta. Ikiwa hupati, hakuna filta duniani itakayozirudishia beringi unene wake.

#4 Babu wa Kobe

Wanangu, mnanishangaza. Nimeendesha Volkswagen Beetle kutoka Moshi hadi Tanga kwa miaka mingi, na gari lile halikuwa na filta ya oili kabisa. Lilikuwa na kichujio cha waya chini ya injini, ambacho tulikiosha kwa petroli na kukirudisha. Hatukujua mikroni wala silikoni, na tulifika.

#5 Binti Chumbageni

Shikamoo babu. Ulifika, lakini hukutuambia ulimwaga oili kila baada ya kilometa ngapi. Gari lile lilitakiwa kumwagwa oili kila baada ya kilometa 5,000 hivi, na ilikuwa lita mbili na nusu tu, kwa hiyo uchafu ambao filta ingeushika ulikuwa unatoka pamoja na oili yenyewe. Isitoshe, injini zake zilifanyiwa ovahoo mapema, wakati mwalimu wetu amefikisha kilometa 318,000 na bado analalamikia sekunde tatu.

#6 Babu wa Kobe

Marahaba. Nilikuwa namwaga nilipokumbuka. Na ovahoo nilifanya mara mbili. Endeleeni.

#7 Boxa wa Kirinyaga

Niko Nairobi, na gari langu ni Subaru, hivyo mnivumilie. Hakuna aliyegusia vali ya pili, yaani ile ya baipasi. Karatasi ikijaa uchafu, au oili ikiwa nzito asubuhi ya baridi, vali hiyo hufunguka na kuiruka karatasi, ili injini ipate oili chafu badala ya kukosa oili kabisa. Kwenye filta nyingi za Toyota hufunguka tofauti ya presha inapofika takriban bar moja. Filta ya Subaru imewekewa kiwango cha juu zaidi, karibu bar 1.6, na ukichukua filta yoyote ya dukani kwa sababu tu imeingia kwenye meno, unaweza kutembea na vali ambayo iko wazi muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Hapa kwetu watu hununua filta ya buluu kwa kuangalia rangi, na wauzaji wameshajifunza kuipaka rangi hiyo hiyo.

Kwa gari lililotembea sana jambo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu injini ya zamani ina utando mweusi ulioganda ndani. Siku mwenye gari anapohamia oili yenye sabuni kali, utando huo hung'oka na kuijaza filta ndani ya wiki chache. Kuanzia hapo unaendesha ukiwa kwenye baipasi, na dashibodi haikwambii chochote.

#8 Mwalimu wa Ifakara

Nawashukuru nyote. Nimeingia uvunguni: filta yangu imelala kimshazari, haikusimama wima. Kwa hiyo kipimo cha #2 kinanihusu. Lakini bado sijajibiwa kuhusu jirani yangu. Je, filta inayochuja sana huinyima injini oili?

#9 Kipimo Kwanza

Mwambie jirani kwamba pampu ya injini yako ni ya meno na inazungushwa moja kwa moja na krenki. Kila mzunguko husukuma ujazo uleule wa oili, upende usipende. Filta ikiwa nzito kidogo kupitisha, presha kabla ya filta hupanda kidogo, lakini kiasi kinachopita kinabaki kilekile. Hali hubadilika tu pale vali ya pampu yenyewe inapofunguka na kurudisha oili kwenye sampo, jambo linalotokea zaidi unapokanyaga mafuta wakati oili bado ni baridi. Asiyekanyaga mafuta asubuhi hana sababu ya kuogopa karatasi nzuri.

Kuhusu ubora wa kuchuja, usidanganywe na neno “mikroni” (sehemu ya elfu ya milimeta) likiwa peke yake. Filta mbili zinaweza kuandikwa mikroni 20, moja ikimaanisha kwamba inashika nusu ya chembe za ukubwa huo na nyingine ikimaanisha asilimia 99. Tafuta kwenye boksi au katika karatasi za mtengenezaji asilimia pamoja na ukubwa wa chembe, na iwe imepimwa kwa kiwango cha ISO 4548-12. Kwa kulinganisha, unywele wa binadamu una upana wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo tunazungumzia vitu ambavyo macho yako hayavioni.

#10 Mpenda Takwimu

Naongezea hapo. Mwaka 1988 wahandisi wa General Motors walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba filta ya mikroni 15 ilipunguza kulika kwa injini kwa asilimia 70 ikilinganishwa na ya mikroni 40. Mjadala ungefungwa hapo: nunua inayochuja sana kuliko zote.

#11 Gereji ya Uani

Mjadala haufungwi hapo, ndugu yangu. Katika jaribio lile vumbi lilitiwa kwenye oili kwa makusudi ili matokeo yapatikane haraka, na wewe humwagii vumbi kwenye injini yako. Vumbi la barabara huingia kwa njia ya hewa. Nimefungua injini nyingi zilizochakaa mapema, na mara nyingi nilikuta filta ya hewa imepasuka au bomba lake limelegea kibana. Mtu hutumia siku mbili kuchagua filta ya oili, kisha filta ya hewa anaipuliza kwa kompresa kwa mwaka wa nne mfululizo.

#12 Mpenda Takwimu

Nakubali kuhusu vumbi kutiwa, lakini hoja inabaki palepale kwamba chembe ikishaingia, kwa njia yoyote ile, kuna filta itakayoishika na kuna filta itakayoisalimia na kuiacha ipite.

#13 Kaunta ya Gerezani

Mimi ni muuza spea, na nimeona tumeguswa. Si kweli kwamba sote tunauza feki, na si kweli kwamba mteja hajui anachonunua, maana anayetaka filta ya shilingi 7,000 nikimpa ya 25,000 huniita mwizi na kuhamia duka la pili.

Mtoa mada asiulizie “filta ya Corolla”. Achukue namba ya chasisi kutoka kwenye kadi ya gari na aombe namba ya spea itafutwe. Filta za kopo za Toyota namba zake huanza na 90915, na zile za karatasi tupu, ambazo huwekwa ndani ya kikombe kwenye magari mapya zaidi, huanza na 04152. Ukiona YZZ katikati, hiyo pia ni spea halisi ya Toyota, ila imetengenezewa masoko ya nje ya Japani, na mteja asiyejua huikataa akidhani ni ya kughushi kwa sababu boksi halikuandikwa Kijapani.

Kuhusu feki, usitegemee boksi, kwa sababu boksi ndilo rahisi kuiga. Shika kopo lenyewe. Angalia kama maandishi yamechapwa wima na hayafutiki kwa kidole chenye petroli, kama gasketi imekaa ndani ya mfereji wake bila kucheza, kama meno ya katikati ni safi bila vipande vya chuma, na bonyeza kisahani cha mpira kwa bisibisi isiyo kali: kinatakiwa kiitike na kurudi. Kisha tikisa. Kitu kikigonga ndani, rudisha. Ukibaini ya kughushi, Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo, ingawa ni kweli kwamba mtu aliyepoteza shilingi 7,000 mara chache hupanda basi kwenda kulalamika.

#14 Mtu wa Deira

Nimefanya kazi Dubai kwa muda kwenye maghala ya spea zinazokwenda Afrika Mashariki. Ninachoweza kusema ni kwamba mteja wa jumla hupewa ngazi za bei kwa filta yenye sura ileile, na anachagua mwenyewe. Kwa hiyo tusimwonee mtu wa kaunta peke yake, wala tusimsafishe kabisa.

#15 Mama Noah

Wadau, nataka kuonya jambo moja ambalo halihusu bei. Nina Noah ya abiria. Siku moja fundi alifungua filta ya zamani, gasketi yake ikabaki imenata kwenye bloku, naye hakuiona, akafunga filta mpya juu yake. Gari liliwaka vizuri na likazunguka uani bila kuvuja. Nilipofika barabara kuu na kuongeza mwendo, gasketi ya juu ilitoka na oili yote ikamwagika ndani ya dakika moja. Nilizima haraka, lakini beringi mbili za konrodi zilikuwa zimeshaungua. Filta ile ilikuwa ya bei ghali na halisi kabisa. Tangu siku hiyo ninasimama mwenyewe, ninahesabu gasketi, na ninapitisha kidole kwenye bloku. Mafundi wananicheka, nami nawaacha wacheke.

#16 Gereji ya Uani

Pole sana, mama. Nyongeza kwa wasomaji: paka oili mpya kwenye gasketi, kaza kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usitumie spana ya mnyororo kukaza, hiyo ni ya kufungulia.

#17 Boxa wa Kirinyaga

Na kuna jambo la meno ambalo linaua injini kimyakimya. Injini nyingi za Toyota hutumia meno ya robo tatu ya inchi, yaani milimeta 19.05. Honda, Subaru na Nissan nyingi hutumia milimeta 20. Filta ya milimeta 20 huingia kwenye stadi ya Toyota, hukaza kana kwamba imekubali, na hukaa hapo ikishikiliwa na matumaini. Presha ya asubuhi inaweza kuing'oa. Kwa hiyo kabla ya kuangalia silikoni, angalia uzi.

#18 Binti Chumbageni

Kwa hiyo sasa tuna uzi unaozungumzia uzi.

#19 Msahihishaji

Kwa Kiswahili cha kamusi, mizunguko ya skrubu huitwa hesi. Na hicho mnachokiita filta kina jina lake la chujio. Lugha ni yetu, tuitumie.

#20 Kaunta ya Gerezani

Siku mteja atakapokuja kaunta na kuomba “chujio lenye hesi ya robo tatu ya inchi”, nitampa bure, nikishaelewa anachotaka.

#21 Nguvu ya Dizeli

Nirudi kwenye mada. Ninaendesha Hilux yenye injini ya 3L, na watu huniambia kila mara kwamba filta yangu haifanyi kazi kwa sababu oili inakuwa nyeusi siku ya pili baada ya kumwaga. Masizi ya dizeli, yakiwa bado hayajaungana, huwa madogo kuliko mikroni moja, na hakuna filta ya kawaida itakayoyashika. Oili nyeusi si ushahidi dhidi ya filta, na oili inayong'aa si ushahidi kwamba filta ni nzuri. Kwenye malori ya Scania tuliyokuwa tukiendesha kulikuwa na kisafishio kinachozunguka kwa kasi na kuyatupa masizi pembeni, ambako yaliganda kama lami. Tulikuwa tunayakwangua kwa kisu kwenye sevisi.

Kuhusu kopo refu aliloshauriwa mtoa mada: lina karatasi zaidi na linashika uchafu mwingi zaidi kabla ya kujaa, na hilo ni jema kwa injini yenye utando, mradi meno, kipenyo cha gasketi na vali ya baipasi vifanane na vya filta asilia, na kopo lisining'inie mahali ambapo jiwe litaligonga. Lakini kama ugonjwa wako ni vali inayojimwaga usiku, kopo kubwa litakuongezea sekunde, kwa sababu pampu itakuwa na ndoo kubwa zaidi ya kujaza.

#22 Mwalimu wa Ifakara

Wakuu, nimerejea na taarifa. Leo alfajiri nilifungua filta kabla ya kuwasha. Ilikuwa na oili chini ya nusu, ingawa kiasi kingine kilinimwagikia mkononi wakati wa kuitoa, kwa hiyo sithubutu kuapa. Kisahani cha mpira ni kigumu kama ukucha. Sasa nataka kulikata kopo nione ndani. Nitumie msumeno wa chuma?

#23 Gereji ya Uani

Usitumie msumeno, kwa sababu utajaza unga wa chuma ndani kisha utatupigia kelele kwamba injini imekwisha. Saga ukingo wa kopo kwa jiwe mpaka pindo liachie, huku ukiwa umeziba tundu, au tumia kikatio cha mfano wa kufungulia kopo la maharage. Toa karatasi, ikate kwa kisu kutoka kwenye mifuniko yake, ikamue katikati ya mbao mbili kwenye jiliwa, kisha uitandaze juani. Pitisha sumaku. Kinachonata ni chuma. Kisichonata na kinachong'aa kwa rangi ya fedha au shaba kinaweza kuwa kimetoka kwenye beringi, na hicho ndicho cha kuogopa. Kwa sababu hiyohiyo, wanaobandika sumaku nje ya filta wajue kwamba unga wa beringi hauijui sumaku.

#24 Mhandisi wa Jioni

Nimesoma kurasa zote, na ninashangaa kwamba hakuna aliyeuliza oili. Mwalimu, unatumia oili gani? Watu wengi wenye magari yaliyotembea sana hushauriwa kuweka 20W-50 “ili izibe nafasi”. Asubuhi oili hiyo hunyonywa polepole kupitia wavu wa pampu na hutambaa polepole kwenda juu. Sekunde tatu zinaweza kuwa za oili wala si za filta. Na ukumbuke kwamba oili nzito ndiyo inayoifungua vali ya baipasi aliyoisema #7.

#25 Mwalimu wa Ifakara

Ni 20W-50, tangu nilipofikisha kilometa 200,000. Jirani ndiye aliyenishauri.

#26 Binti Chumbageni

Huyu jirani tumtafutie uzi wake.

#27 Umeme Tu

Na mimi niweke langu. Swichi ya presha ya oili ya miaka ishirini na zaidi huweza kukwama ikiwa baridi, na ikishapata moto hufanya kazi vizuri. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko filta nzuri. Taa inayochelewa asubuhi tu haithibitishi kwamba oili imechelewa.

#28 Kipimo Kwanza

Swichi mbovu haigongi kama mtu anayebisha mlango kwa kucha. Mtoa mada alisema injini inagonga katika sekunde zilezile. Hata hivyo, ndiyo maana katika #3 niliomba geji, na mpaka sasa hakuna geji iliyofungwa.

#29 Umeme Tu

Kugonga kwenyewe kunaweza kuwa ni vali za juu zilizopanuka nafasi, ambazo kwenye 5A hupangwa kwa vipande vya unene na mara nyingi hazijaguswa tangu gari litoke kiwandani. Mambo mawili yanaweza kutokea asubuhi moja bila kuwa na uhusiano.

#30 Mwalimu wa Ifakara

Naleta mrejesho. Nimekata kopo kama alivyoelekeza #23. Karatasi ilikuwa imebanduka gundi upande mmoja, urefu wa kidole hivi, kwa hiyo nadhani oili ilikuwa inapita hapo bila kuchujwa kwa muda usiojulikana. Sumaku ilikusanya unga mwembamba kama wa penseli. Kulikuwa pia na chembe chache, nilihesabu sita, zinazong'aa na zisizonata. Kisha nilinunua filta halisi kwa namba ya chasisi, yenye kisahani cha rangi ya chungwa, kwa shilingi 24,000, na nikaweka oili ya 10W-40, nyepesi kuliko ile ya zamani. Leo ni asubuhi ya tano. Taa inazimika ndani ya sekunde moja, na kelele imepungua ingawa haijaisha.

#31 Gereji ya Uani

Nilisema katika #2. Ni vali.

#32 Mhandisi wa Jioni

Ni oili.

#33 Mpenda Takwimu

Mwalimu, wewe unafundisha somo gani? Umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, na sasa hakuna anayeweza kujua ni kipi kilichosaidia.

#34 Mwalimu wa Ifakara

Ninafundisha historia. Sevisi ijayo ninaweza kuweka tena filta ya shilingi 7,000 kwa oili hii hii ya 10W-40, ili mjue.

#35 Mama Noah

Usithubutu. Acha wabishane.

#36 Kipimo Kwanza

Zile chembe sita zisizonata, umezitupa? Kama hujazitupa, ziweke kwenye karatasi nyeupe, uzipige picha karibu na rula, na uipasue filta hii mpya baada ya kilometa 1,500 badala ya kungoja 5,000, ili tuhesabu tena. Na tafadhali, funga geji.

#37 Mwalimu wa Ifakara

Ninazo kwenye kikopo cha chaki. Geji nitaazima kwa fundi Jumamosi.